Kitu cha wote kinalindwa na mapatano ya wote

Mazungumzo mbele ya familia zilizokimbia makwao na viongozi wao



Leo tumeombwa tuzungumze juu ya kazi ya fundi mmoja wa kompyuta na mchezo alioutengeneza. Tunajua baadhi yenu mnajiuliza: sisi tuliokimbia vijiji vyetu, tunaotafuta maji, chumvi na karo ya watoto, mchezo wa kompyuta unatuhusu nini? Swali hilo ni la haki.

Jibu letu ni hili. Hatukuja kuusifu mchezo. Tumekuja kuzungumza juu ya kitu kilichojengwa na mikono mingi, na namna ya kukilinda kisigeuke kuwa chanzo cha ugomvi. Mahali pengi tulipopita tumeona jambo lilelile. Watu wanachimba mtaro wa maji pamoja, wakimbizi na wenyeji bega kwa bega. Maji yanatoka, watu wanaimba. Miezi michache baadaye kuna kufuli kwenye bomba, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Hapo maneno yanaanza: "Sisi ndio tuliobeba mawe." "Lakini shamba ni letu." Kutoka maneno hadi mapanga si mbali, na ninyi mnalijua hilo kuliko sisi.

Mafundi wa kompyuta nao wamepitia ugomvi wa namna hiyo. Wengine walishindwa kuutatua, wengine wakapata dawa. Tuwasikilize.

SEVA NI NINI?

Kwanza tueleweshane. Mnajua mchezo wa dama, ule tunaocheza kwa vifuniko vya chupa. Sataranji ni ndugu yake. Huchezwa na watu wawili juu ya ubao wa miraba 64, kila mmoja akiwa na kete 16, na kati ya kete hizo mna mfalme, malkia na farasi. Anayembana mfalme wa mwenzake asipate pa kukimbilia ndiye mshindi.

Zamani wachezaji wawili kwa kawaida walikaa meza moja. Siku hizi mmoja anaweza kuwa Bukavu na mwingine Brazili. Kati yao kuna kompyuta moja inayowahudumia wote wawili, nayo inaitwa seva. Mchezaji akisogeza kete, simu yake inatuma ujumbe mfupi kwa seva. Seva inaangalia kama mwendo huo unaruhusiwa, inahesabu saa, kisha inampelekea mwenzake. Kwa maneno mengine, seva ni mwamuzi na mtunza saa, na pia ni karani anayeandika kila mwendo ili baadaye mtu asikane.

Basi jiulizeni: mwamuzi huyo ni wa nani? Ni nani aliyemwandikia sheria? Akipendelea upande mmoja, ni nani atakayejua? Maswali hayo ndiyo kiini cha mazungumzo ya leo.

UGOMVI WA MWAKA 1995

Seva ya sataranji iliyokusanya watu wengi kwenye intaneti iliwashwa Januari 1992 katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani. Waliotengeneza programu yake ni Michael Moore na Richard Nash. Ilikuwa ya bure. Ubao wenyewe ulichorwa kwa herufi tu kwenye kioo cha kompyuta, lakini watu waliipenda. Wengi walijitolea. Kuna waliotengeneza programu za kuonyesha ubao vizuri, waliotafuta makosa na kuyasahihisha, na waliopokea wageni na kutuliza wagomvi. Katika mwaka huohuo mwalimu wa chuo kikuu, Daniel Sleator, aliichukua kazi ya kuiendeleza programu hiyo, naye aliitengeneza sana.

Machi 1995 jambo likabadilika. Seva ikawa biashara, ikaitwa Internet Chess Club, na mchezaji akatakiwa kulipa dola 49 kwa mwaka. Baadhi ya wale waliojitolea walikasirika. Walisema: kazi yetu tuliitoa kwa wote, sasa inauzwaje? Upande wa pili ulikuwa na maneno yake pia: kazi ni nyingi, mashine zina gharama, na mtu aliyetoa miaka ya jasho lake ana haki ya kulipwa.

Ndugu zetu, tukisikiliza vizuri, kila upande ulikuwa na sehemu ya haki. Fedha zilikuwa tatizo, lakini lilikuwepo kubwa zaidi: watu walifanya kazi pamoja miaka mitatu bila kuwa na neno moja juu ya nani ni mwenyewe wa kitu walichokijenga. Wakati wa njaa kila mtu alileta jembe lake. Mavuno yalipofika ndipo wakaanza kuulizana mpaka wa shamba uko wapi.

Waliokasirika hawakuivunja seva ya mwenzao. Walisimamisha yao, na mwezi uleule wa Machi 1995 wakafungua seva ya bure iliyoitwa Free Internet Chess Server, ikaendeshwa na watu wa kujitolea. Hilo nalo ni somo. Lakini jumuiya ilikuwa imekwisha kugawanyika.

FUNDI ALIYEANZA NA KIDOGO

Sasa tufike kwa fundi wetu. Anaitwa Thibault Duplessis, ni Mfaransa, mwandishi wa programu za kompyuta. Mwaka 2010 alianza kutengeneza seva ndogo ya sataranji katika saa zake za mapumziko. Aliipa jina la Lichess. Ndani ya jina hilo mna neno la Kifaransa ambalo wengi wenu mnalijua: *libre*, yaani huru.

Mwanzoni ilikuwa kitu kidogo sana. Watu wawili walifungua ukurasa, wakacheza, basi. Lakini Duplessis alifanya jambo moja ambalo ndilo lililoamua mambo yote yaliyofuata. Aliyaweka wazi maandishi ya programu yake, na akayafunga na mapatano ya kisheria.

Programu ya kompyuta ni maandishi, kama vile kanuni za chama zilivyo maandishi. Makampuni mengi huyaficha. Wewe unatumia programu, lakini huwezi kujua inafanya nini ndani. Programu huria ni kinyume chake: kila mtu anaweza kuyasoma maandishi, kuyanakili, kuyarekebisha na kuwapa wengine. Leseni ambayo Lichess inaitumia inaitwa AGPL, nayo inaongeza sharti moja zito. Ukiichukua programu hii, ukaibadilisha, kisha ukawahudumia watu kwa njia ya intaneti, ni lazima nawe uwape watu hao maandishi uliyoyabadilisha. Mtu anaweza kuanzisha seva yake kwa kazi ya wenzake, lakini hawezi kujenga ukuta kuizunguka.

Hivyo swali lililowagawanya watu mwaka 1995 lilipata jibu kabla ya ugomvi kuanza. Tuliseme tena: kabla ya ugomvi kuanza. Mapatano yaliyoandikwa siku ya furaha huokoa watu siku ya hasira.

Polepole wengine wakaja kusaidia. Mmoja alisahihisha kosa, mwingine akatengeneza programu ya simu, wengine wakatafsiri. Leo ukurasa huo unasomeka katika lugha zaidi ya 100, na Kiswahili ni mojawapo. Katika miaka ya karibuni watu wamecheza humo michezo zaidi ya milioni 2 kwa siku. Hata Magnus Carlsen wa Norwe, aliyekuwa bingwa wa dunia tangu mwaka 2013 hadi 2023, amecheza humo kama mtu mwingine yeyote.

MAMBO MANNE YA KUJIFUNZA

Tumechagua mambo manne katika kazi hiyo ambayo komite yoyote inaweza kuyajadili.

1. Daftari wazi

Lichess ni ya bure na haina matangazo ya biashara. Lakini bure si bila gharama. Mashine zinakodishwa na mafundi wachache wanalipwa, na jumla yake ni laki kadhaa za dola kwa mwaka. Fedha hizo zinatoka kwa wachezaji wanaotoa kwa hiari. Anayetoa hapati nguvu zaidi ya asiyetoa. Anachopata ni alama ndogo ya bawa kando ya jina lake. Maskini na tajiri wanacheza kwa sheria moja na vifaa vilevile.

Ili watu waendelee kutoa, gharama zimeandikwa mahali ambapo kila mtu anaweza kusoma: kodi ya mashine ni kiasi gani, mishahara ni kiasi gani, hata mshahara wa Duplessis mwenyewe. Na mwenye mali si yeye. Seva inamilikiwa na chama kilichoandikishwa Ufaransa chini ya sheria ya mwaka 1901, ambayo inakataza wanachama kugawana faida.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba daftari lililofungiwa sandukuni ni kama halipo. Je, hesabu za mashini yenu ya kusaga zimebandikwa wapi?

2. Haki kwa aliye mbali

Jambo hili tunalipenda sana. Katika sataranji ya haraka kila mchezaji ana dakika chache tu, na saa ikiisha ameshindwa. Sasa fikirini mchezaji wa Paris mwenye intaneti ya nguvu, na mchezaji mwingine aliye mahali ambapo mtandao unakwenda kwa shida. Wote wawili wanafikiri kwa sekunde mbili. Lakini mwendo wa yule wa pili unachelewa njiani. Seva ikihesabu bila huruma, maskini anaadhibiwa kwa ubaya wa barabara, wala si kwa udhaifu wa akili yake.

Wenye Lichess waliliona hilo. Seva inapima ucheleweshaji wa njia, na inamrudishia mchezaji sehemu ya muda uliopotea. Lakini kuna kiasi ambacho haivuki, ili mjanja asijifanye yuko mbali kwa kusudi la kuiba muda.

Angalieni hekima iliyomo. Sheria ni moja kwa wote, lakini anayeitumia anajua kwamba watu hawatoki mahali pamoja. Na huruma yenyewe ina mpaka, ili isiwe mlango wa udanganyifu. Katika ugawaji wa chakula, mama aliyetembea saa nne na mtoto mgongoni akifika baada ya orodha kufungwa, tunamhesabia nini, uvivu au umbali wa njia? Komite yenye busara huamua swali hilo kabla ya siku ya ugawaji.

3. Hukumu yenye rufaa

Penye mchezo pana wadanganyifu. Siku hizi programu ya kompyuta inaweza kumshinda bingwa yeyote, basi wako wanaoiuliza kwa siri ili iwaonyeshe cha kucheza. Lichess ina programu za kuwagundua, na ina watu wa kujitolea wanaochunguza mashtaka. Anayepatikana na hatia anawekewa alama au anafungiwa. Lakini aliyefungiwa anaweza kukata rufaa, na mtu, si mashine, anaisoma.

Ndugu viongozi, mtu aliyehukumiwa bila kusikilizwa haondoki peke yake. Anaondoka na ndugu zake, na pengine na kabila lake lote. Nafasi ya kusikilizwa mara ya pili ina gharama ndogo kuliko vita.

4. Kutoweka vyote katika nyumba moja

Tarehe 10 Machi 2021 moto uliwaka Strasbourg, Ufaransa, katika jengo la kampuni inayokodisha seva. Jengo moja liliteketea kabisa na watu wengi duniani walipoteza kazi zao. Lichess nayo iliguswa, lakini haikufa, kwa sababu nakala za mambo yake zilikuwa zimetunzwa mahali pengine.

Hatuhitaji kuwaeleza ninyi moto ni nini. Wengi mmeona nyumba zikiungua na vitambulisho, hati za shamba na diploma vikiwa ndani. Tunasema hili tu: orodha ya wanakomite, kanuni za kikundi na mapatano ya mipaka yasikae kwa katibu peke yake. Nakala moja iwe kwa shefu, nyingine kwa wakimbizi, ya tatu parokiani au shuleni. Ikiungua moja, ukweli haujaungua.

MAPATANO YAKIVUNJWA

Mtu atauliza: karatasi ina nguvu gani mbele ya mwenye nguvu? Tujibu kwa mfano mwingine wa sataranji.

Iko programu huria inayoitwa Stockfish, iliyoanza mwaka 2008. Ni kati ya wachezaji hodari kabisa wa sataranji kupata kuwepo, na Lichess inaitumia kuwaonyesha wachezaji makosa yao baada ya mchezo. Imejengwa na watu wengi wa nchi nyingi bila malipo, chini ya leseni inayosema: chukua, uza ukitaka, lakini mweleze mnunuzi imetoka wapi na umpe maandishi yake.

Mwaka 2021 watengenezaji wa Stockfish walisema kwamba kampuni ya ChessBase ya Ujerumani inauza programu zilizotoka katika kazi yao bila kutimiza masharti hayo. Walieleza malalamiko yao hadharani, kisha wakapeleka shauri mahakamani München. Novemba 2022 pande mbili zilipatana. Kampuni ilikubali kuacha kuuza programu zile, na kumweka mtu wa kuangalia kwamba leseni za programu huria zinaheshimiwa. Mapatano yaliacha mlango wazi wa kampuni kurudi baada ya muda, kwa sharti la kufuata leseni.

Tunaona hatua tatu hapo. Kwanza, walikuwa na maandishi ya kuonyesha. Pili, walikwenda kwa mwamuzi, hawakwenda kulipiza kisasi. Tatu, adhabu ilikuwa na mwisho, na aliyekosa alionyeshwa njia ya kurudi. Mapatano yasiyomwachia mkosaji njia ya kurudi huzaa ugomvi mwingine.

Tunajua mahakama nyingi kwetu ziko mbali na zina gharama. Ndiyo maana baraza la wazee, komite ya usuluhishi na mashahidi wa pande zote ni muhimu sana. Lakini hata baraza linahitaji kitu cha kusoma.

NENO KWA VIJANA

Vijana wetu, hatuwaahidi mambo makubwa. Kazi ya kuandika programu inahitaji umeme, kompyuta, intaneti, na kujua kusoma Kiingereza kidogo, na vitu hivyo ni vigumu kupatikana mahali mlipo. Anayewaambia kwamba mtatajirika kwa miezi mitatu anawadanganya. Duplessis mwenyewe alitumia miaka akiifanya kazi hii katika muda wa mapumziko kabla haijawa kazi inayomlisha.

Lakini kuna jambo moja linalowahusu ninyi kipekee. Wengi wenu mmepoteza karatasi. Unasema umesoma, unaulizwa diploma iko wapi, nayo ilibaki chini ya majivu. Katika kazi ya programu huria kila sahihisho unalofanya linaandikwa hadharani pamoja na jina ulilojichagulia na tarehe. Haijalishi unatoka kabila gani au unalala katika hema gani. Wenzako wanalisoma, wanalipima, wanalikubali au wanalikataa. Baada ya miaka miwili au mitatu una ushahidi wa kazi yako ambao moto hauwezi kuuchoma. Tena unaweza kuanza na kitu kidogo, kama kutafsiri sentensi kumi kwa Kiswahili kizuri.

Na ninyi wazazi, mkimwona kijana ameshika simu, msidhani daima anapoteza muda. Muulizeni: unacheza tu, au unajifunza jinsi mchezo ulivyotengenezwa?

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

Tunawaomba mkae katika vikundi vidogo, wenyeji na wakimbizi pamoja, wanawake na wanaume, mjibu maswali haya:

– Ni vitu gani tulivyojenga kwa mikono ya wengi? Vitajeni kimoja kimoja.
– Kwa kila kitu: mwenyewe ni nani? Je, jibu hilo limeandikwa, au kila mtu ana lake?
– Fedha zinazoingia na kutoka zinaonekana wapi?
– Mtu akiona ameonewa, anakwenda kwa nani? Na asiporidhika, anakwenda kwa nani tena?
– Siku tutakaporudi makwetu, kitu hiki kitabaki kwa nani, na kwa masharti gani?

Swali la mwisho lisirukwe. Watu wengi hujenga kambini wakidhani hawatakaa, basi hawaandiki kitu. Siku ya kurudi inafika, na mashini ya kusaga iliyowaunganisha inakuwa sababu ya kuachana kwa uadui. Tunatamani mrudi makwenu mkiwaacha nyuma marafiki. Anzeni kuandika wiki hii, wakati bado mnaongea vizuri.